Mwongozo wa magugu vamizi: picha safi, miche imesahauliwa

Kitabu hiki nilikinunua Sh1,800 baada ya lori la samadi kuniletea mgeni kwenye ploti yangu Ruai. Majani yamechanika kama ya karoti, maua meupe, madogo. Kijana wa kibarua akanituliza, "Mama, hii ni mubangi tu," lile gugu la kawaida la shambani lenye harufu kali, akaifyeka kwa panga. Wiki mbili baadaye ilikuwa imechipua upya kwenye visiki, matawi mengi kuliko mwanzo, na kijana mikono imejaa vipele.

Hapo ndipo kitabu kilipolipa gharama yake. Mgeni wangu kumbe ni pathenia (kule Arusha huliita gugu karoti), na ukurasa wake unaanza na shina na jani, maua yanafuata. Jani la mubangi ukilifikicha, harufu yake inang'ang'ania vidoleni hadi jioni. Hili halinuki hivyo. Shina lina mifereji na vinyweleo, na kila kiua kina pembe tano ndogo. Nilizihesabu kwa miwani ya kusomea. Nilisoma pia kwamba ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu, nikampelekea ukurasa huo jirani anayelisha wake kando ya barabara.

Lawama yangu ni moja, na si ndogo: karibu kila picha ni ya mmea uliokwisha kuchanua. Gugu hili huweza kutoa maua mwezi mmoja hivi baada ya kuota, na mmea mmoja huzaa maelfu ya mbegu. Ukisubiri lifanane na picha, umechelewa. Mche wake hulala chini, majani yametandazwa mviringo kama sahani. Hilo nimelijua kwa kupiga magoti, nikapiga picha yangu na kuibandika pembeni mwa ukurasa.

Sehemu ya kudhibiti imeandikiwa wenye ranchi: dawa za kunyunyizia, mbawakawa wanaokula majani. Ploti yangu ni futi hamsini kwa mia; mbawakawa nitawatoa wapi? Mimi hung'oa asubuhi mvua ikishanyesha, mzizi utoke mzima, nimevaa glavu na barakoa. Yenye maua naifunga guniani, wala haiingii kwenye shimo la mboji.

Gundi ya jalada nayo imeanza kuachia. Nyota tatu, ya nne nitaiongeza wakichapisha picha za miche.