Anticonstitutionnellement: ulikate kwa herufi au kwa sauti?

Neno hili la Kifaransa lina herufi 25, na maana yake ni "kwa njia inayokiuka katiba". Wanafunzi hawaishi kubishana namna ya kulikata.

Kwa maandishi unapata silabi 9: an-ti-cons-ti-tu-tion-nel-le-ment. Ni rahisi kuanza nayo kwa sababu kanuni zake unaziona kwa macho: konsonanti mbili zinazofanana hutenganishwa, ndiyo maana nn na ll zimegawanyika. Kwenye imla, au unapokata neno mwishoni mwa mstari, njia hii haina mpinzani.

Ikija kwenye matamshi, inakuangusha. Kinywani silabi huwa 8, kwani e ya "-le-" humezwa: ã-ti-kõs-ti-tü-syo-nel-mã (alama ~ juu ya irabu ni sauti ya puani; ü ni i inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa). Mtego mkubwa uko kwenye "tion". Ikiwa peke yake hutamkwa puani, "syõ". Hapa inafuatwa na "nel", kwa hiyo upua unatoweka na nn inakuwa n moja. Anayefuata herufi husema "syõ-nel", na msikilizaji anamgundua papo hapo. Halafu sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa hukaza ya mwisho. Njia ya sauti inalirekebisha hilo, ila inadai rekodi au mtu wa kukusikiliza.

Mwenye imla kesho aanze na herufi. Anayesubiri mtihani wa mdomo Bujumbura au Lubumbashi aanze na sauti. Anayehamia kusini mwa Ufaransa ana nafuu: huko ile e mara nyingi hutamkwa, na silabi zinarudi 9.