Banda la viinimacho Nane Nane: futi ya mama mkwe ilikoma

Nilienda maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, kutafuta mbegu za viazi, nikaishia kwenye banda la viinimacho na mama mkwe, shemeji na binti yangu wa darasa la tatu. Kiingilio shilingi 3,000 kwa mkubwa, mtoto nusu.

Mama ni fundi cherehani pale Mwanjelwa, futi haimtoki shingoni hata akienda msibani. Ukutani kulichorwa mistari miwili: mmoja ncha zake ni vichwa vya mishale, mwingine ncha zimepanuka nje kama mkia wa samaki. "Huu wa mkia ndio mrefu, hili nalo la kuuliza?" Akashusha futi. Sawasawa! Akapima tena kuanzia upande wa pili, kama anayemshuku mteja aliyenenepa. Bango lilisema mchoro huo ni wa Mjerumani Franz Müller-Lyer, wa mwaka 1889. Kilichomkera mama ni kwamba hata baada ya kupima, jicho bado lilibisha.

Chumba cha Ames ndicho kilichonirudishia hela yangu. Unachungulia tunduni kwa jicho moja. Shemeji, mtu wa kuinamia milango, alisimama kona ya kushoto akawa kama mtoto wa chekechea; binti yangu kulia, kichwa karibu na dari. Nikazunguka pembeni kuona siri. Kumbe kona ya shemeji iko mbali zaidi, sakafu inateremka kuelekea kule na dari inapanda, hata madirisha yamekatwa upogo. Lile tundu linakunyima jicho la pili, lile ambalo lingekusaidia kukisia umbali.

Malalamiko yangu: simu haziruhusiwi, halafu mlangoni unauziwa picha zako shilingi 2,000 moja, jambo ambalo hakuna aliyelitaja tukilipa. Na pale tunduni unasukumwa kabla hujashiba.

Mwisho kuna daraja ndani ya pipa kubwa linalozunguka. Daraja limetulia tuli, ila macho yanaapa kwamba linapinduka. Nilishika vyuma kwa mikono miwili, chipsi mayai ikinipanda kooni. Usile kwanza. Mama akanipita katikati, kafumba macho, anatembea kama yuko sebuleni kwake.

"Fumba na wewe, baba. Halitikisiki hili."

Nikafumba, nikavuka.