Chembe za kauri ya kalsiamu fosfeti: nzuri kwa seli shina za mfupa, ngumu kuzipima

Kwa anayetaka seli shina za uboho zielekee kuwa mfupa, tunapendekeza kwanza chembe za kauri zenye hidroksiapatiti na beta-trikalsiamu fosfeti, aina mbili za kalsiamu fosfeti. Hidroksiapatiti huyeyuka polepole mno na kushikilia umbo. Trikalsiamu huyeyuka upesi zaidi, ikiachia kalsiamu na fosfeti ambazo kwa seli ni ishara ya kujenga mfupa. Mchanganyiko wa hidroksiapatiti 60 kwa trikalsiamu 40 hudumu. Wa 20 kwa 80 huupisha mfupa mpya mapema.

Kagua matundu kabla ya kununua. Makubwa yawe ya maikromita 300 hadi 500 na yapitiane, la sivyo seli za ndani hukosa oksijeni. Yale madogo, chini ya maikromita 10, ndiyo yanayosaidia kunasa protini ambazo seli hujishikiza nazo. Muuzaji asiye na picha ya hadubini ya elektroni, mwache.

Kazi ngumu ni kupandikiza seli kwenye chembe. Chembe kavu huelea kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Zitoe hewa kwa pampu zikiwa ndani ya midia (kimiminika cha kulishia seli), ziloweke usiku kucha, kisha mwaga midia hiyo, maana kauri huwa imeshavuruga kiwango chake cha kalsiamu. Nyonya unyevu uliobaki, dondosha seli katika ujazo mdogo, subiri saa 2 ndani ya inkubeta, ndipo uongeze midia taratibu. Ukijaza kwa pupa, seli huteremka chini ya sahani na utakuwa unapima plastiki. Heri sahani isiyoshika seli.

Midia ya kawaida ya kuelekeza seli kwenye mfupa ina deksamethasoni (dawa inayozisukuma seli kuwa mfupa) nanomola 100, asidi askobiki mikrogramu 50 kwa mililita na beta-gliserofosfeti milimola 10. Weka pia kundi lisilo na deksamethasoni, vinginevyo hutajua kama ni kauri au dawa iliyoziongoza seli.

Kasoro inayotukera zaidi iko kwenye vipimo. Rangi ya alizarini, inayotumika kuonyesha madini ya mfupa, hushika kalsiamu yoyote, hata ya kauri yenyewe, hivyo chembe tupu nazo hutoka nyekundu. Badala yake pima alama za seli zenyewe: kimeng'enya cha alkalini fosfatasi siku ya 7 na ya 14, protini ya osteokalsini siku ya 21, na ugawanye matokeo ya fosfatasi kwa kiasi cha DNA. Chembe tupu ziwemo katika kila jaribio.

Tena kauri hii ni dhaifu: ukiibana kwa koleo hutoa vumbi linalodhuru seli, na haifai peke yake mahali panapobeba uzito.