Shule tatu za msingi za serikali, wilaya moja ya Marekani: uzoefu wangu

Kijana wangu amesoma shule mbili za msingi za serikali hapa Marekani, zote za wilaya moja ya shule, na mwaka huu nimekwenda kuangalia ya tatu kwa ajili ya mdogo wake. Bodi yao ni moja, likizo zao ni moja, hata yale mabasi ya njano yanatoka yadi moja. Ila ukishaingia ndani, kila shule ina tabia yake.

Kwa aliyefika karibuni, ajue kwamba hapa shule hufuata anwani. Wilaya imechora mipaka, na mtaa unaokaa ndio unaoamua mtoto aende wapi. Ofisini wataomba mkataba wa pango au bili ya umeme, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo. Mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa sababu ya hati za uhamiaji. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler v. Doe. Nalitaja mapema kwa sababu namjua mama aliyekaa na mwanawe nyumbani miezi miwili akiogopa swali ambalo hakuja kuulizwa.

Shule ya kwanza tuliifuata kwa namba. Tovuti ya GreatSchools huzipa shule alama kuanzia 1 hadi 10, na alama hizo utazikuta hadi kwenye matangazo ya nyumba ya Zillow. Ile ilikuwa na 9. Tukapanga nyumba iliyotubana kweli kweli ili tu tuwe ndani ya mpaka wake.

Majengo mazuri, maktaba nzuri, wazazi wanajuana. Lakini kwenye fomu ya usajili kuna swali la lugha inayozungumzwa nyumbani, na jirani alinishauri niandike Kiingereza, eti nikitaja Kiswahili mtoto atawekwa pembeni. Nikamsikiliza. Kumbe jibu hilo ndilo linalowafanya wampime mtoto na kumpa mwalimu wa kumsaidia Kiingereza. Alikaa darasani hadi Januari akiitikia kwa kichwa. Walipogundua, msaada ulikuwa nusu saa mara mbili kwa wiki, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akizunguka shule tatu.

Siku ya kikao cha wazazi ndiyo siwezi kuisahau. Mwalimu alizungumza kwa muda mrefu huku akinionyesha karatasi, kisha akamgeukia mwanangu anitafsirie. Mtoto wa miaka saba. Akaniangalia, akasema, "Mama, anasema niko sawa." Juni ikaja ripoti kwamba kusoma kwake kuko chini ya kiwango cha darasa. Sikumkasirikia mtoto hata kidogo. Niliumia kwamba watu wazima walimtwika kazi ile, ilhali wilaya ina wakalimani wa simu na mimi hakuna aliyeniambia.

Kodi ya nyumba ikatushinda, tukahamia upande wa pili wa mji. Shule ya huko ilikuwa na alama 4. Nililia, nakiri.

Hii ni shule ya Title I, yaani inapata fedha za nyongeza za serikali kuu kwa kuwa watoto wengi wanatoka familia za kipato kidogo. Mpango huo ulianza mwaka 1965. Fedha hizo niliziona kwa macho. Kuna mwalimu wa Kiingereza kwa wageni anayeshinda hapo siku nzima, na kuna mwalimu wa kusoma mwenye meza yenye umbo la nusu mwezi. Watoto wanne wanaizunguka, kila mmoja anasoma kwa zamu huku mwalimu akitia alama kila neno lililokosewa. Novemba alinipigia simu, mkalimani akiwa kwenye laini, akaniambia mwanangu anasoma haraka ila anameza miisho ya maneno. Nikaelewa palepale. Sisi tunasema mtoto, watoto, anasoma, alisoma, neno linabadilika mbele. Kiingereza wingi na wakati wanavibandika nyuma. Jioni ile tulianza mazoezi mezani, kidole kikikaa chini ya herufi za mwisho, na kufikia Machi alikuwa anajisahihisha mwenyewe.

Shule hii ina kasoro pia. Darasa lina watoto 27, mwalimu wa darasa alibadilika katikati ya mwaka, na basi huchelewa. Utoro nao upo. Mtoto akikosa asilimia 10 ya siku za masomo, kama siku 18 hivi kwa mwaka wa siku 180, huhesabiwa mtoro sugu, na mwalimu hulazimika kurudia somo kwa ajili ya hao.

Ya tatu sina mengi ya kusema: ndogo, tulivu, ina bustani. Nilipouliza mwalimu wa wageni anakuja siku gani, karani alilazimika kwenda kuuliza ndani.

Kuhusu hizo namba, kilichonifumbua macho ni ripoti ya jimbo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inataka kila jimbo litoe ripoti ya kila shule, na ipo bure mtandaoni. Mitihani inayolazimishwa na sheria hiyo huanza darasa la tatu, kwa hiyo alama ya shule haikuambii lolote la moja kwa moja kuhusu chekechea hadi darasa la pili. Usitazame tu asilimia ya waliofaulu, maana hiyo hubeba sana kipato cha wazazi. Tafuta sehemu ya maendeleo, mtoto amesogea kiasi gani tangu mwaka uliopita. Shule yetu ya 4 ilikuwa inawasogeza watoto kuliko ile ya 9. Kisha nenda mwenyewe saa za masomo, uombe mkalimani kabla hujafika, uone wanakujibu nini.

Mdogo anaanza hapo hapo kwenye shule yetu ya 4, Agosti. Fomu nimeirudisha jana, na kwenye lile swali la lugha ya nyumbani nimeandika Kiswahili.