Uzoefu wangu: shindano la ufundi wa kosplei na jaji aliyenivuta bega

Nyota mbili kwa tamasha hili. Moja ni ya jukwaa, nyingine ni ya meza ya matengenezo. Kitengo cha ufundi, ambacho ndicho hasa nilichojiandikishia, hakipati kitu kutoka kwangu, na nitaeleza kwa nini. Mniwie radhi maneno yakiwa mengi, kwa sababu kila nikikumbuka nasikia joto kichwani.

Natengeneza na kuvaa kosplei, yaani mavazi ya wahusika wa katuni, filamu na michezo, kwa miaka mingi sasa. Wikendi zangu ni zilezile: kukata sponji, kupiga msasa, kushona bitana, kufumua nilichoshona. Wapo wanaonunua vazi zima na kulivaa, na wana haki yao kamili, wanapendeza na wanafurahi kama mimi. Lakini mimi raha yangu iko kwenye kutengeneza. Ndiyo maana nikajiandikisha kwenye ufundi na nikaacha kitengo cha uigizaji. Nilitaka mtu anayejua kazi aitazame kazi yangu kwa karibu, anionyeshe palipo pazuri na palipo na kasoro. Hicho tu.

Utaratibu ni huu. Unatuma fomu mapema. Siku yenyewe, kabla ya onyesho, mnaitwa mmoja mmoja kwenye chumba, unasimama mbele ya majaji na kueleza ulichofanya kwa dakika chache. Kanuni waliyoiandika wenyewe inasema sehemu kubwa ya vazi lazima iwe kazi ya mikono ya mvaaji, na uje na picha za hatua kwa hatua kama ushahidi. Nilikwenda nazo. Daftari zima: michoro, pateni za karatasi, deraya ya kifua ikiwa bado sponji nyeusi isiyo na rangi, vipande vya kitambaa nilivyojaribia rangi, mikanda na bizimu kabla sijazishona. Kila picha nimeiandikia maelezo chini yake.

Jaji aliyenipokea, kaka mmoja kijana, hakunisalimu. Alinipandisha na kunishusha kwa macho, kisha akasema: "Dada, hii umenunua au umechapishiwa na mashine?"

Nikamjibu, "Nimetengeneza kwa mkono, kaka. Ni sponji ya EVA. Picha zote zimo humu." Nikamnyoshea daftari.

Hakulipokea. "Wote wanasema hivyohivyo," akasema, na kabla sijajua anataka kufanya nini akaushika ukingo wa bega langu la kushoto na kulivuta upande wake ili achungulie ndani.

Bega likatatuka. Kila aliyewahi kufanya kazi na sponji anaijua ile sauti.

Naomba nikae hapa kidogo, maana kuna watakaosema kwamba kazi ingekuwa imara isingetatuka. Maungio ya vazi nayabandika kwa gundi ya viatu, ile ya manjano inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka ukiigusa hainati tena kidoleni, ndipo unapokutanisha. Ikishakutana imekutana, hakuna kusogeza. Gundi hiyo ikikauka sawasawa inashika kuliko sponji yenyewe. Ukivuta kwa nguvu, inayochanika ni sponji iliyo kando ya ungio, na gundi inabaki pale pale. Ndivyo ilivyotokea kwangu. Ungio halikuachia. Kilichochanika ni sehemu nyembamba niliyoikata kwa kisu kwa pembe ya mshazari ili bega likunje vizuri shingoni, sehemu ambayo haikuwekwa kubeba mvuto wa mkono wa mtu. Rangi ya fedha ya juu ikapasuka pale pale na kuacha weusi wa tabaka la mpira lililo chini yake. Tabaka lile linajikunja pamoja na sponji, rangi ya juu haijikunji. Mtu anayekalia kiti cha ujaji wa ufundi anapaswa kuyajua haya kabla hajanyosha mkono.

Na lile swali la kuchapisha! Kutofautisha sponji na plastiki iliyochapishwa kwa mashine ya 3D, inayojenga kitu tabaka kwa tabaka, hakuhitaji kuvuta kitu. Gonga kwa ukucha: plastiki inalia, sponji haitoi mlio. Bonyeza kwa kidole: sponji inabonyea na kurudi. Tazama kwa kuinamisha kichwa mwanga ukipita: plastiki ambayo haikupigwa msasa wa kutosha ina mistari ya tabaka, sponji haina. Uliza mvaaji alisafiri vipi, atakwambia mengi, kwa sababu plastiki ya PLA, ile inayotumika sana kuchapishia, inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na waliowahi kuacha kofia yao ndani ya gari juani wanajua ilivyowarudia imepinda. Mambo ya msingi kabisa haya.

Halafu hata ingekuwa imechapishwa, kosa liko wapi? Nina rafiki anayechora kila kipande mwenyewe kwenye kompyuta, anachapisha vipande vidogo vidogo, anaviunganisha, anajaza nyufa, anapiga msasa mkavu na msasa wa maji mpaka mikono inakufa ganzi, ndipo anafikia rangi. Mashine haimwondolei kazi hata moja kati ya hizo. Kusema "umechapisha" kwa sauti ya kumshtaki mtu ni kutojua kazi ya aina zote mbili kwa mpigo mmoja.

Niliwahi kusoma habari za mwaka 1939, ile Worldcon ya kwanza, mkutano wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, mjini New York. Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas walikwenda wamevaa mavazi ya watu wa wakati ujao, na hao ndio wanaotajwa kila historia ya mchezo wetu inaposimuliwa. Mavazi yote mawili yalitengenezwa na Myrtle. Yeye ndiye aliyeketi na kitambaa. Lakini kwa miaka mingi jina lililotangulia mdomoni mwa watu lilikuwa la mwenzake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisikitika kidogo nikaendelea na mambo yangu. Nikiwa nimesimama mbele ya yule kaka, daftari mkononi na bega linaning'inia, ilinichoma upya kabisa. Tangu mwanzo wa mambo haya mwanamke anashona, na bado kuna mtu wa kumuuliza amenunua wapi.

Na suala la kugusa. Kuanzia mwaka 2014 New York Comic Con, tamasha kubwa la vibonzo huko Marekani, iliweka mabango yanayosema kuvaa kosplei si ruhusa ya kuguswa, na matamasha mengi siku hizi yana kanuni ya namna hiyo: omba kwanza, picha au mkono. Hata tamasha hili lilikuwa na tangazo lao mlangoni, kubwa, la rangi. Wageni wa kawaida waliniomba ruhusa siku nzima. Mtoto mdogo aliniuliza kama anaweza kugusa mkia wa vazi, akausubiri mkono wangu utoe ishara ndipo akagusa kwa kidole kimoja. Aliyeshindwa adabu hiyo ni jaji, ndani ya chumba chenye nembo ya tamasha ukutani.

Dakika zangu ziliisha hapo. Hakuna aliyegeuza ukurasa hata mmoja. Jaji wa pili, dada aliyekuwa anaandika, aliinua macho akasema "pole" kwa sauti ndogo akarudi kwenye karatasi yake. Simlaumu sana. Au namlaumu, maana alikuwa na mdomo na alikuwa na daraja sawa na mwenzake.

Sasa nyota zangu mbili zilitoka wapi. Nje ya chumba kile kulikuwa na meza ya matengenezo, inayoendeshwa na watu wa kujitolea: sindano na nyuzi za rangi zote, pini, gundi ya kukauka haraka, gundi ya moto, utepe unaonata pande mbili, vibanio vya wigi, rangi za kugusia. Nilifika pale nikiwa nimeshikilia bega kwa mkono, machozi yako karibu. Mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya meza akasimama mara moja. Sikuweza kuketi, kwa sababu deraya ya mapaja hainiruhusu kupiga goti wala kukaa, na yeye aliliona hilo bila kuambiwa. "Simama hivyohivyo mwanangu, usivue kitu," akasema. Akapanda juu ya kibao kidogo ili afike begani.

Aliniuliza: nimetumia gundi gani, sponji ni ya unene gani, ndani nimeweka bitana au iko wazi. Maswali yaleyale niliyotarajia kuulizwa chumbani, mama huyu aliyauliza akiwa na sindano mdomoni. Akashona kwanza mpasuko kwa ndani kwa nyuzi nene, akaweka kipande cha kitambaa juu yake kwa gundi ili kisichanike zaidi, kisha akachanganya fedha na kijivu kidogo mpaka rangi ikakaribia yangu. Akakiangalia kile kipande cha shingoni kwa muda, akasema, "Mkato wako huu ni mzuri sana. Mimi nisingeuweza." Nikashindwa kumjibu.

Kwa hiyo nilipanda jukwaani na bega zima, au linaloonekana zima. Taa zilikuwa nzuri, msimamizi wa jukwaa alinipa muda wa kugeuka ili mbawa zionekane, watu walipiga kelele. Nitasema kweli, pale juu nilisahau kila kitu. Ndani ya kofia jasho linatiririka, wigi linavuta ngozi ya kichwa, huoni ngazi zako vizuri, na bado hakuna mahali ningependa kuwa zaidi ya pale. Ndiyo maana nilipoanza kuandika haya nilikuwa na nia ya kusema nendeni, ni tamasha zuri, epukeni tu kile chumba.

Lakini matokeo yalipotumwa kwa barua pepe, kwenye karatasi yangu ya alama, mahali pa maoni ya majaji, paliandikwa sentensi moja: "Chanzo cha vazi hakikuthibitishwa." Hakikuthibitishwa! Ushahidi waliouomba wao, kwa kanuni yao, niliushika mkononi mbele ya macho yao, na hakuna aliyeufungua. Nikawaandikia waratibu, kwa heshima, nikaambatanisha picha zote na kuomba mambo mawili: alama hiyo iangaliwe upya, na yule jaji aelezwe kwamba vazi la mtu halivutwi. Jibu likaja haraka kuliko nilivyotarajia. Uamuzi wa majaji ni wa mwisho, na tunakushukuru kwa kushiriki. Kuhusu bega, kimya.

Basi ile nyota ya jukwaa naiondoa. Jukwaa ni lao, na wao ndio waliojibu hivyo. Inabaki moja, na hiyo ni ya yule mama na wenzake wa meza ile, ambao hata hawalipwi.

Kama bado unataka kwenda, nenda kama mgeni, vaa unachopenda, zunguka ukumbini, pita kwenye ile meza hata kama hujaharibikiwa ukawasalimu. Ukijiandikisha kwenye ufundi, usisubiri kuulizwa: lifungue daftari mwenyewe na uliweke mezani kwenye ukurasa wa sponji tupu, sema neno "naomba usiguse" mapema, na ingia na mtu wa kukushuhudia kama wanaruhusu. Inasikitisha kumpa mtu maelekezo ya namna hii kwa kitu ambacho ni cha furaha.

Na waratibu, ikiwa mnasoma: fomu yangu mnayo na barua pepe yangu imo ndani yake. Bado nasubiri jibu la swali la pili.