Forester SH na matairi ya 225/60R17: hesabu ya kabla ya kununua na hali baada ya kilomita 9,000

Gari ninalolizungumzia ni Subaru Forester ya toleo la SH, lile lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2007, lenye injini ya lita 2.0 na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Langu lilikuja kutoka Japani na rimu za inchi 17 zilizovaa matairi ya 225/55R17, ambayo ni saizi halali ya kiwandani. Kwa lami ya Japani sina neno juu ya saizi hiyo. Kwa Goba ninakoishi, ambako kipande cha mwisho cha kufika nyumbani ni mawe na makorongo ya mvua, ubavu wa tairi hilo ni mfupi mno, na rimu ya mbele kushoto ilipinda kabla sijamaliza mwaka wa kwanza na gari.

Nilipoanza kuulizia saizi nyingine, karibu kila niliyemuuliza alinijibu kwa lugha ya kunyanyua gari: weka tairi kubwa, gari litapanda juu. Nikaamua kupima kabla ya kuamini. Namba zilizoandikwa ubavuni hujieleza zenyewe kwa mwenye subira. Katika 225/55R17, 225 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni asilimia ya upana huo inayotoa urefu wa ubavu, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu basi ni milimita 123.75, na ukijumlisha wa juu na wa chini pamoja na rimu ya milimita 431.8, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 679.3. Kwa 225/60R17 ubavu unakuwa milimita 135 na kipenyo kizima milimita 701.8. Tofauti ya vipenyo ni milimita 22.5, lakini gari hupanda kwa nusu yake tu, kwa kuwa nusu nyingine huongezeka juu ya ekseli, upande wa madigadi. Kwa maneno mengine, baada ya gharama yote hiyo tumbo la gari linanyanyuka milimita 11 na kidogo, pungufu ya upana wa kidole changu cha shahada. Anayebadilisha saizi hii kwa ajili ya kuvuka makorongo amejidanganya. Faida yake iko kwenye ubavu: zile milimita 11 ni mpira na upepo wa ziada kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, na hapo ndipo rimu yangu ilipoumia.

Duka nililokwenda, ambalo silitaji jina, liko upande wa Ilala, na kwa kazi ya mikono ninalisifu. Fundi alifunga nati kwa mpangilio wa msalaba, akamalizia kwa spana ya kupimia nguvu, na hakuniruhusu kuondoka kabla ya balansi. Ushauri wa kaunta ni habari nyingine. Muuzaji hakuwa na 225/60R17 siku ile, akanishikilia nichukue 225/65R17, akisema tofauti ni tano tu na kwamba yataingia. Ninaelewa kwa nini alikuwa nayo tele dukani: ni saizi ya RAV4 nyingi na Honda CR-V za kizazi cha 2007, hivyo inazunguka haraka sokoni, wakati 225/60R17 hutafutwa zaidi na wenye Nissan X-Trail ya T31 na Forester ya SJ iliyofuata baada ya hii yangu. Lakini hiyo tano yake ni asilimia, na kutoka saizi ya kiwandani hatua yenyewe ni ya kumi. Kipenyo cha 225/65R17 ni milimita 724.3, yaani 45 zaidi ya tairi la awali, ongezeko la asilimia 6.6.

Kwa kuwa alisisitiza, nilimwomba fundi afunge moja tu upande wa mbele, bila malipo, tushushe jeki na kukata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Tairi liligusa plastiki ya ndani ya madigadi gari likiwa limesimama, likiwa halina abiria wala mzigo. Sehemu iliyonitia wasiwasi zaidi haionekani ukisimama pembeni: kwenye Subaru hii, bakuli la chini linalobeba springi ya mbele limekaa juu ya tairi kwa upande wa ndani, na nafasi iliyopo hapo ndiyo mpaka wa kweli wa ukubwa wa tairi. Kwa 225/65 nilipata mwanga mwembamba tu. Kwa 225/60, yalipoletwa siku tatu baadaye, kidole kilipita bila kubanwa. Kila mwenye gari la aina hii ningemshauri apenyeze mkono wake hapo mwenyewe kabla ya kutoa fedha, kwa sababu springi zilizochoka hukaa chini na gari moja haliwi kipimo cha jingine.

Ushauri wa pili wa kaunta ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza: ninunue mawili sasa, niyafunge mbele, mengine nimalizie mwezi ujao. Kwa gari linalovutwa na magurudumu mawili ningemwelewa, ingawa nisingempongeza. Forester huvuta kwa magurudumu manne wakati wote, na matairi ya mbele yakizunguka mara nyingi au mara chache kuliko ya nyuma, tofauti hiyo humezwa na klachi zilizo ndani ya giaboksi, ambazo hupata joto na kulika. Mwongozo wa Subaru wenyewe unataka mizingo ya matairi manne, yaani urefu wa kuzunguka tairi zima, isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Mzingo wa 225/60R17 unazidi wa 225/55R17 kwa milimita 70 na kidogo. Hata kama saizi zingekuwa moja, matairi mawili mapya yenye kashata (meno ya mpira yanayogusa barabara) za kina cha milimita 8 yakichanganywa na mawili yaliyobaki na milimita 4 hutofautiana kwa mzingo wa milimita 25, mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Bei ya giaboksi inajulikana na kila aliyewahi kuitafuta. Nilisubiri hadi fedha ya manne ilipotimia. Spea yangu, ile nyembamba ya kutoka Japani, imebaki kuwa ya kunifikisha kwa fundi wa pancha aliye karibu, polepole, na si hatua zaidi.

Baada ya saizi kuna herufi na namba ndogo ambazo wengi huzipita. Tairi la awali liliandikwa 97V: 97 ni uwezo wa kubeba kilo 730 kwa tairi moja, na V ni mwendo wa juu wa kilomita 240 kwa saa. Niliyonunua ni 99H, yaani kilo 775 na kilomita 210 kwa saa. Kushuka kutoka V hadi H hakunisumbui, kwa kuwa sina barabara wala sababu ya kukimbia hata 140. Namba ya mzigo ndiyo ambayo isingefaa kushuka, na ukiona muuzaji anakupa tairi lenye namba pungufu ya ile ya kiwandani kwa sababu ni la bei nafuu, rudisha. Nilisoma pia tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mbili za wiki na mbili za mwaka. Matatu yalikuwa ya wiki moja, la nne lilikuwa limewazidi wenzake kwa miaka minne. Nilipolionyesha lilibadilishwa bila ubishi, jambo linalonifanya niamini kwamba walilijua.

Sasa kuhusu spidomita. Kabla ya kubadilisha, nilisafiri na simu yenye GPS kwenye dashibodi, barabara ya Morogoro, sehemu iliyonyooka. Spidomita iliposoma 100, simu ilisoma 95. Hilo ni la kawaida, maana kanuni za kimataifa haziruhusu spidomita kuonyesha mwendo pungufu ya ule halisi, hivyo watengenezaji huiacha izidishe kidogo. Baada ya 225/60 kufungwa, 100 ya spidomita ikawa 99 ya simu. Sehemu ya mabadiliko hayo ni saizi, na sehemu ni kwamba yale ya zamani yalikuwa yamelika. Kwa hiyo nimebaki upande salama, ila akiba imekwisha. Kwa hesabu hiyohiyo, 225/65 yangenipeleka 102 wakati sindano inasema 100, na zaidi ya 51 wakati inasema 50. Anayejua tochi za trafiki zinavyopangwa kwenye vijiji vyenye kibao cha 50 atajua maana ya hiyo moja.

Upande wa mafuta kuna mtego wa hesabu. Kwa kuwa tairi kubwa huzunguka mara chache kwa kila kilomita, mita ya gari sasa inaandika kilomita 100 wakati nimekwenda 103 na kidogo. Mwezi wa kwanza nilidhani gari limeanza kunywa, nikalaumu matairi kwa kosa ambalo lilikuwa la daftari langu. Nilipozidisha kilomita kwa 1.033, matumizi yalirudi karibu kabisa na ya zamani.

Barabarani, mabadiliko ninayoyahisi kila siku ni utulivu. Matuta na rasta za lami hupita kwa mshindo laini zaidi, na kipande cha mawe cha Goba hakigongi tena meno. Kwa upande mwingine, gari linayumba kidogo zaidi kwenye kona za haraka, na usukani umepoteza ule ukali wa kujibu papo hapo. Gia nazo zimekuwa kama zimerefushwa: kupanda mlima Kitonga nikiwa na watu watano na mizigo, giaboksi ilishuka gia mapema kuliko nilivyoizoea, na kwa injini ya lita 2.0 isiyo na tabo hilo linaonekana. Nimefika kilomita 9,000, nimepiga wili alaimenti mara moja, kashata zinalika sawasawa ndani na nje, na hakuna alama ya mkwaruzo kwenye plastiki wala kwenye bakuli la springi.

Jambo moja nililigundua nikiwa nimeshalipa. Forester hizihizi za SH zilitoka pia na rimu za inchi 16 na matairi ya 215/65R16. Ubavu wake ni milimita 139.75, mrefu kuliko huu niliougharamia, na kipenyo chake ni milimita 685.9, asilimia 1 tu juu ya 225/55R17, hivyo spidomita, mita ya kilomita na gia hubaki karibu vilevile. Kwa mtu wa barabara kama zangu ambaye anatafuta rimu pamoja na matairi, ningempeleka huko moja kwa moja, mradi ahakikishe ni za 5x100, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, kwa kuwa rimu za RAV4 na X-Trail, ambazo ni 5x114.3, haziingii hata kama muuzaji ataapa. Mimi nilikuwa na rimu tatu nzima na moja iliyonyooshwa, nikaona uchungu kuziweka pembeni. Ile iliyonyooshwa imeanza tena kupungua upepo kila wiki mbili, na nikishindwa nayo nitaanza kutafuta seti ya inchi 16.