TAHADHARI: anayeuza breketi za TV na "kinga ya joto" huku Njombe, mimi nimeshalia

Wadau wa Njombe, Makambako, Mafinga na kokote kwenye baridi mlikojenga sehemu ya kuotea moto sebuleni, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anatangaza kwenye magrupu ya wasap, anauza breketi na kufunga, maneno matamu, bosi huku bosi kule. Sebuleni kwangu ukuta ulio wazi ni ule wa juu ya moto tu, nikamuuliza kabisa, joto halitaua TV? Akasema bosi ondoa shaka, nina kinga ya joto inabandikwa chini ya TV, washa moto hata usiku kucha. Breketi 85,000, kinga 120,000, ufundi 40,000, yote nitangulize kwenye lipa namba ndo aje. Jina lililotokea pale sio lake na bado nikabonyeza, 245,000 ikaenda.

Akaja kijana mwingine kabisa na drili. Hajapima, hajauliza dohani inapita wapi, anatoboa tu. Tundu la tatu drili ikazama yote ikarudi na unga mweusi, namuuliza nini hiyo ananiambia vumbi la tofali. Vumbi la tofali la kuchoma ni jekundu jamani, mimi nimekulia kwenye tanuru. Nikanyamaza (kosa langu hilo), akashindilia fisha (vile vya kushikia skrubu ukutani) za plastiki, za plastiki kwenye ukuta wa moto, akaondoka.

Juni ikaingia, baridi ya huku mnaijua, nikawasha kuni za miwati, zile zikishika zimeshika. Siku ya pili nyumba nzima inanuka plastiki. Nabandua hiyo kinga, kumbe ni foili kama ya kufungia chipsi imegundishwa juu ya lile povu jeupe linalokujaga kwenye boksi la TV! Limeyeyuka limenata kwenye fremu, kioo kina kivuli cheusi chini, fisha zimelegea, TV inchi 55 imeinama kama inasujudu, na lile tundu la tatu linatoa moshi mwembamba kama mtu anavuta sigara ndani ya ukuta.

Ndo nikafungua kitabu cha TV, nani anakisomaga, kimeandika mwisho nyuzi 40. Ukuta wangu ukiweka kiganja huwezi kuhesabu mpaka kumi.

Nampigia ananijibu "bosi garantii ni ya breketi sio ya moto", kesho yake kanibloku. Risiti sina.

Kama huna ukuta mwingine, washa moto saa nzima kwanza, ning'iniza kipimajoto pale TV itakapokaa, ikifika 40 achana napo, weka mezani, hata shingo itakushukuru. Mtu akikuuzia kinga mwambie akate kona muichome nje mbele yake, akikataa umeshapata jibu. Na anayetoboa aijue dohani, hela umpe akimaliza.

Namba yake siweki hapa ila mtamjua kwa matangazo, juzi nimeonyeshwa na shemeji, kaandika "kazi zetu", picha ya sebule yenye mapazia ya kijani na TV juu ya moto. Hiyo sebule ni yangu, kijana wake aliipiga siku anafunga.